Tusiyafute matokeo mabaya, mashine inayahitaji

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni usia mwema, lakini hawakutwambia namna ya kuuona ufa ambao bado umejificha ndani ya ukuta, ndani ya ekseli ya gari au ndani ya bati la ndege. Mwanadamu amelihangaikia swali hilo kwa muda mrefu. Katika miaka ya hivi karibuni amepata msaidizi mpya, nayo ni tarakilishi iliyofunzwa kubashiri nguvu za vitu vya kujengea na kuundia, na hata kukadiria siku ya kuvunjika kwake.

Sifa za msaidizi huyo zimevuma kote duniani. Wapo wanaodai kuwa muda si mrefu hakutakuwa tena na haja ya kusumbuka na vipimo vya maabara, kwa kuwa mashine itatujibu kila tutakalouliza. Dai hilo linapotosha. Mashine hiyo haijui lolote ambalo halikupimwa kwanza na mtu, na funzo lake kubwa zaidi hutokana na majaribio yaliyokwenda mrama. Jamii inayofuta matokeo mabaya ya majaribio yake haitakuwa na cha kuifunza mashine. Na jambo la kusikitisha ni kuwa katika maabara zetu nyingi za shule, kufuta huko kumekuwa desturi.

Historia yenyewe yatufunza hivyo. Mnamo Mei 8, 1842, garimoshi lililokuwa likirejea Paris kutoka Versailles, nchini Ufaransa, lilivunjika ekseli, yaani ule mtaimbo unaoshikilia magurudumu. Mabehewa yalipandana, moto ukazuka, na watu zaidi ya 50 wakaangamia. Ajali za ekseli ziliwatatiza sana wahandisi wa zama hizo. Chuma kilichobeba mzigo ule ule siku nenda siku rudi bila kulalamika, siku moja kilikatika ghafla kama kijiti kikavu.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, dola iliyokuja kuongoza kuundwa kwa Ujerumani. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870, Wöhler aliunda mitambo ya kuzungusha vipande vya chuma huku vikipindwa, mara maelfu kwa maelfu, hadi vikatike. Kila kipande kilipokatika, aliandika uzito kiliobebeshwa na idadi ya mizunguko kiliyostahimili. Akagundua kwamba chuma huchoka. Mzigo usioweza kukivunja mara moja huweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi, na kadiri mzigo unavyopungua ndivyo chuma kinavyodumu. Majedwali yake ndiyo chimbuko la elimu ya uchovu wa chuma inayofundishwa vyuoni hadi leo. Lakini tuyatazame majedwali hayo kwa makini. Kila mstari wake uliandikwa kwa sababu kitu fulani kilivunjika.

Miaka mia moja hivi baadaye somo hilo lilirudiwa kwa machozi. Ndege ya Comet, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza, ilikuwa ya kwanza duniani kubeba abiria kwa injini za jeti. Safari yake ya kwanza ya kibiashara, mnamo Mei 2, 1952, ilitoka London hadi Johannesburg, ikatua Entebbe, hapa kwa majirani zetu wa Uganda. Mnamo Januari 10, 1954, ndege moja ya aina hiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikaua watu 35. Aprili 8 mwaka huo huo nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, ikaua watu 21.

Wachunguzi wa Uingereza waliichukua Comet nyingine nzima, wakaizamisha katika tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza shinikizo na kuliondoa kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya mizunguko takriban 3,000, tukihesabu na ile iliyokuwa imeruka kweli, mwili wa ndege ulipasuka. Nyufa ndogo zilikuwa zimeanzia pembezoni mwa matundu yaliyokatwa katika bati lake, zikatambaa polepole bila mtu kuziona. Matokeo ya uchunguzi huo yalitangazwa hadharani, na waundaji wa ndege katika mataifa mengine, wakiwemo washindani wa kampuni hiyo, wakafaidika nayo. Laiti aibu ingalifichwa, wangapi wengine wangalikufa?

Sasa tuitazame mashine yenyewe na jinsi inavyojifunza, kwa kutumia mfano ulio karibu nasi: zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Kila mwenye kujenga nyumba ya ghorofa hulitegemea. Ili kujua nguvu zake, wajenzi huchota sehemu ya zege linalomiminwa, wakalijaza katika visanduku vyenye urefu wa milimita 150 kila upande. Michemraba inayopatikana hutunzwa majini, kisha husagwa kwa mtambo, aghalabu siku ya 7 na siku ya 28. Zege likiwa na nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita mraba, mchemraba huo mdogo hubeba uzito wa tani 57 hivi kabla ya kupasuka. Mwanafunzi wa hesabati anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Tangu mwaka wa 1918, Mmarekani Duff Abrams alikwisha kuonyesha kwamba maji yakizidi kulinganisha na saruji, nguvu za zege hupungua. Fundi anayeongeza ndoo ya maji ili zege limiminike kwa urahisi anajipunguzia kazi ya leo na kuwaongezea wapangaji hatari ya kesho. Lakini maji ni kiungo kimoja tu. Zege la kisasa hutiwa pia majivu ya makaa ya mawe, unga wa taka za tanuri za chuma, na kemikali ya kulilainisha. Umri nao una lake. Viungo hivyo vyote huathiriana kwa namna ambayo kanuni moja fupi haiwezi kuieleza.

Mnamo 1998, mtafiti wa Taiwan aitwaye I-Cheng Yeh alichapisha utafiti ambamo aliiachia tarakilishi kazi hiyo. Hazina ya vipimo alivyovikusanya, iliyowekwa wazi kwa umma mwaka wa 2007, ina sampuli 1,030. Kila sampuli ina mambo manane: viwango vya viungo saba na umri wa zege. Jambo la tisa ndilo jibu, yaani nguvu iliyopatikana sampuli iliposagwa. Umri huanzia siku 1 hadi siku 365, na nguvu huanzia nyutoni 2 na ushei hadi 82 na ushei kwa milimita mraba. Hadi leo wanafunzi wa fani hii kote ulimwenguni huianza safari yao kwa hazina hiyo.

Mashine hufunzwaje? Huonyeshwa yale mambo manane, ikatakiwa ikisie jibu. Makisio yake ya kwanza huwa ya kipuuzi. Kisha huonyeshwa jibu la kweli, likapimwa pengo baina ya kisio na ukweli, na uzito ambao mashine inakipa kila kiungo ukarekebishwa kidogo ili pengo lipungue. Jambo hilo hurudiwa mara maelfu. Hatimaye mashine hukisia karibu na ukweli, ingawa hakuna aliyeiambia kwa maneno kwamba maji mengi hudhoofisha zege. Imelitambua hilo kutokana na mifano.

Hapa mwalimu atatambua hatari anayoifahamu vyema, nayo ni kukariri. Mashine huweza kuyakariri majibu yote ya mifano iliyoonyeshwa, ikapata alama mia kwa mia, na bado isijue kitu. Ndiyo maana wataalamu huficha sehemu ya sampuli, wakaitahini mashine kwa maswali ambayo haijapata kuyaona. Isitoshe, hata mashine iliyofuzu mtihani huo hujua tu ulimwengu wa mifano yake. Iliyofunzwa kwa mchanga na kokoto za Taiwan haina sababu ya kuujua mchanga wa mito ya Machakos wala kokoto za machimbo yetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine vivyo hivyo.

Mfano mwingine unahusu kubashiri mwisho wa kitu kabla dalili hazijaonekana. Mnamo 2019, watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na MIT nchini Marekani, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Toyota, walichapisha kazi yao kuhusu betri 124 za lithiamu. Betri hizo zilichajiwa na kuishiwa chaji tena na tena hadi zikafa. Dhaifu zilistahimili mizunguko 150 hivi, na hodari zikafikia 2,300. Kwa kutazama mizunguko 100 tu ya mwanzo, wakati betri nyingi hazijaonyesha dalili yoyote ya kuzeeka, mashine iliweza kukadiria umri wa betri ambazo haikuwa imeziona, ikikosea kwa wastani wa asilimia 9 hivi.

Ni ajabu kubwa, na anayeibeza hajui thamani yake. Lakini ajabu hiyo ilinunuliwa kwa nini? Kwa betri 124 zilizoachwa zife, kila moja ikiandikiwa historia yake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Lau watafiti wangalizitupa zile dhaifu kwa kuziona ni za aibu, wakabaki na zile hodari, mashine ingalijifunza kwamba betri zote huishi maisha marefu.

Tulipime jambo hilo kwa hesabu nyepesi. Tuseme tuna rekodi za mihimili 1,000, na ni 5 tu iliyovunjika. Mashine mvivu ikisema kila mhimili ni mzima, itakuwa imesema kweli mara 995 kati ya 1,000. Alama yake itakuwa asilimia 99.5, nayo haitakuwa na faida hata chembe, kwani mihimili 5 iliyoikosea ndiyo pekee tuliyotaka kuijua. Sasa tuseme kuwa kati ya mihimili hiyo 5, rekodi za 3 zilifichwa na mkandarasi aliyeogopa lawama. Hapo hata mashine yenye bidii itafunzwa kwa mifano miwili.

Ushahidi wa thamani ya kushindwa ulitolewa kinagaubaga mnamo 2016 na chuo kidogo cha Haverford, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Wanakemia wa huko walikuwa wakijaribu kuunda fuwele za aina mpya. Kama ilivyo kawaida, majaribio yaliyofaulu yalichapishwa katika majarida, na yaliyoshindwa yakabaki katika madaftari ya maabara, yakifunikwa na vumbi. Watafiti hao waliyafungua madaftari hayo ya kale, wakaifunza mashine kwa yote mawili, kufaulu na kushindwa. Ilipotakiwa kubashiri hali zitakazozaa fuwele kutokana na viungo vipya, ilifaulu mara 89 kwa mia. Wanakemia wenye tajriba, wakitumia maarifa yao, walifaulu mara 78 kwa mia. Mashine ilipata ushindi wake katika kurasa ambazo wengi wangaliona ni takataka.

Yapo pia mafunzo ya upande wa pili. Mnamo Novemba 2023, kampuni ya Google DeepMind ilitangaza kwamba mashine yake imebashiri miundo ya fuwele milioni 2.2, na kwamba takriban 380,000 kati yake zingedumu bila kuvunjikavunjika. Magazeti yalishangilia. Mwaka uliofuata, Anthony Cheetham na Ram Seshadri wa Chuo Kikuu cha California mjini Santa Barbara waliichambua orodha hiyo, wakaeleza kuwa waliona ushahidi haba wa vitu ambavyo ni vipya, vinavyosadikika na vyenye manufaa kwa pamoja. Siwalaumu waliobashiri, kwani kubashiri ni hatua ya halali ya sayansi. Nasema tu kwamba kati ya ubashiri na kitu kinachoshikika mkononi kuna tanuri, mizani na mtu mwenye subira.

Turejee nyumbani. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi la ghorofa kadhaa liliporomoka mtaani Huruma, jijini Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Halikuwa jengo la kwanza kuanguka nchini, wala halikuwa la mwisho. Sababu za mikasa ya namna hii huwa nyingi: ardhi, msingi, maji, vibali na tamaa. Lakini kila jengo linapoanguka kuna swali ambalo halina budi kuulizwa. Je, michemraba ya zege lake ilisagwa? Ikiwa ilisagwa, jedwali la matokeo liko wapi, na linaeleza mchanga ulitoka mto gani? Tukitaka siku moja mashine itwambie ni jengo lipi la kuhamwa kabla halijaanguka, majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuwa vitabu vyake vya kiada. Bila vitabu hivyo, tutaazima mashine zilizofunzwa kwingine, zituhesabie kwa mchanga wa watu wengine.

Tabia ya mhandisi haianzi chuoni. Huanza shuleni. Chukueni jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fizikia hulifanya, la springi na mawe ya mizani, linalotokana na kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mnamo 1678. Mwanafunzi huongeza mzigo mmoja mmoja, akapima urefu, akachora grafu. Nukta hujipanga katika mstari mnyoofu. Mzigo ukizidi kiwango fulani, nukta ya mwisho hukataa kukaa mstarini. Springi imenyooka kupita kiasi na haitarudi ilivyokuwa.

Mwanafunzi huyo hufanya nini? Mara nyingi huchukua kifutio. Huisogeza nukta ile hadi ikae sawa na wenzake, maana ameambiwa kuwa grafu nzuri ni iliyonyooka, na alama hutolewa kwa grafu nzuri. Wengine hawajisumbui hata kuning'iniza mizigo. Huanza na jibu, wakarudi nyuma wakitunga vipimo vitakavyolizaa. Vijana wana jina lao kwa kazi hiyo: wanaiita kupika matokeo. Na mara nyingi mpishi huyo hutuzwa kumliko mwenzake aliyepima kwa uaminifu kwa springi iliyochakaa.

Tuitafakari hasara yake. Nukta zilizokaa mstarini zilieleza yale ambayo Hooke alikwisha kuyasema zaidi ya karne tatu zilizopita. Nukta iliyofutwa ndiyo pekee iliyokuwa na habari mpya: springi hii, ya shule hii, hushindwa kwenye mzigo huu. Ilikuwa ndiyo ufa wenyewe unaozungumziwa na wahenga. Mwanafunzi aliuona, akaufuta kwa mkono wake, akapewa alama.

Najua mwalimu atasema kuwa mtihani wa taifa una mwongozo wake wa kusahihisha, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuubadilisha. Atasema pia kuwa vifaa ni haba, na kwamba mara nyingi nukta potovu hutokana na uzembe wa mwanafunzi wala si siri ya maumbile. Hoja hizo ni nzito. Hata hivyo, hakuna mtihani unaomkataza mwalimu, katika muhula wa kawaida, kutoa alama kwa mwanafunzi aliyeiacha nukta potovu mahali pake na kuandika kando yake sababu anayoidhania. Uzembe nao ni sababu, na ukiandikwa hutambulika na kurekebishwa. Ukifutwa hubaki.

Yapo mambo mengine matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, daftari la maabara liandikwe kwa wino. Kosa lipigwe mstari mmoja ili lisomeke, lisifutwe. Pili, shule iyahifadhi madaftari hayo mwaka baada ya mwaka, ili kidato kinachofuata kijue kidato kilichotangulia kilipata nini kwa springi zile zile. Wanafunzi watakuwa na hazina yao ya vipimo, na shule yenye tarakilishi hata moja inaweza kuitumia kuwafunza jinsi mashine inavyojifunza. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu, ambavyo husaga michemraba ya zege kila muhula, viweke matokeo yote mahali pamoja na wazi, mazuri kwa mabaya, pamoja na asili ya mchanga, kokoto na saruji iliyotumika.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tumekwisha kusikia vilio vya kutosha chini ya vifusi. Mashine za kubashiri kuvunjika kwa vitu zimekuja, na zitazidi kuja, wala sisi hatupaswi kuziogopa. Zitatwambia ukweli tukiwa tumeziambia ukweli. Basi, mwanafunzi, nukta yako ikikataa kukaa mstarini, weka kifutio chini, uizungushie duara, uandike tarehe na jina lako. Nawe mwalimu, ukifika kwenye duara hilo, simama hapo kwanza kabla ya kusahihisha pengine popote.